Quincy, mji wa ng'ambo ya mto: safari katika mitaa ya Padre Tolton

Ijumaa

Parokiani kwetu Chicago tumekuwa tukisali kwa muda mrefu tukimwombea Padre Augustus Tolton, padre Mweusi aliyezaliwa mtumwani, atangazwe mwenyeheri. Alifia hapa hapa Chicago, tarehe 9 Julai 1897, joto likiwa kali, umri wake miaka 43 tu. Lakini hakuzikwa Chicago. Alizikwa Quincy, mji ulio magharibi kabisa mwa jimbo la Illinois, kando ya mto Mississippi, kwa sababu ndiko alikotaka apumzike. Watu wengi huenda kuzuru kaburi na kurudi. Mimi nilitaka zaidi ya kaburi. Nilitaka kuutembea mji wenyewe mtaa kwa mtaa, niuone mji uliomlea, ukamchosha, kisha ukampokea akiwa ndani ya jeneza.

Nimepanda treni ya asubuhi ya Amtrak kutoka Union Station. Ni kilomita zaidi ya 400 kuelekea kusini-magharibi, saa nne na nusu hivi. Ukishaviacha vitongoji vya Chicago, dirishani ni mahindi na soya, soya na mahindi, maghala ya nafaka ya hapa na pale, na miji midogo ambayo treni huisimamia dakika mbili. Tulipofika Galesburg nilichungulia upande wa Chuo cha Knox, ambako Abraham Lincoln na Stephen Douglas, wakigombea kiti cha useneti, walijadiliana hadharani tarehe 7 Oktoba 1858. Mdahalo wao uliofuata, wa sita kati ya saba, ulifanyika huko huko ninakoelekea.

Njiani nilikuwa nawaza jambo moja. Mtu aliyetoroka utumwa Missouri akavuka mto hadi Quincy alikuwa bado hajafika popote. Illinois haikuruhusu utumwa, lakini ilikuwa na sheria za kumwadhibu anayemficha mtoro, na mwaka 1853 ikapitisha nyingine ya kuwazuia Weusi wasihamie jimboni. Usalama wa kweli ulikuwa Kanada. Kwa hiyo njia hii ninayopita nikiwa nimeketi na kikombe cha chai, wengine waliipita usiku, kwa miguu au chini ya turubai la gari la farasi, wakienda upande ninakotoka mimi.

Stesheni ya Quincy iko nje ya mji, kaskazini-mashariki, na bila mwenyeji au teksi utapata tabu. Mimi mwenyeji wangu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa malori anayeishi Iowa. Alikuwa na siku chache za mapumziko akaja na gari lake.

"Karibu shemeji. Habari za Chicago?"

"Salama. Za safari?"

"Safari ipi? Saa mbili barabarani hiyo ni safari?" Kwa dereva wa malori, kweli si safari.

Akanipeleka moja kwa moja mtoni, maana nilimwambia mji huu ni lazima uanzie majini. Tumeishuka Broadway kutoka mashariki hadi magharibi: kwanza maduka makubwa na vituo vya mafuta, halafu nyumba za makazi, halafu majengo ya matofali mekundu, halafu barabara inateremka na Mississippi unajitokeza, mpana, rangi ya udongo, ukienda kwa nguvu. Madaraja mawili ya magari yako karibu karibu. Moja ni la vyuma, la mwaka 1930. La pili, Bayview, lilifunguliwa 1987, limeshikiliwa na nyaya nene zinazotoka kwenye nguzo ndefu. Shemeji amelivuka mara nyingi na mizigo. Alinionyesha upande wa Missouri, tambarare yote ile ya West Quincy, akaniambia wenzake wakubwa kazini bado wanausimulia mwaka 1993. Mafuriko yalikuwa yamekata njia kwa mamia ya kilomita, na daraja hili likabaki kuwa mahali pa kuvukia. Kisha tarehe 16 Julai tuta la West Quincy likabomoka, maji yakaingia, nalo likafungwa.

Jumamosi

Siku nzima kwa miguu, na joto halikuwa na huruma.

Tumeanzia chini ya mtaa wa Delaware, sehemu ya kusini ya ukingo, ambako John Wood alijenga kibanda chake cha magogo mwaka 1822. Nchi hii yote kati ya mto Illinois na Mississippi serikali ilikuwa imeigawa viwanja kwa askari waliopigana vita vya 1812. Wengi wao hawakuwahi kuja kuviona, wakaviuza. Watu kama Wood walivinunua. Kabla yao Wasauk, wenyeji wa asili wa Amerika, walikuwa na kijiji hapa, na kabla ya Wasauk kulikuwa na watu walioacha vilima vya makaburi ambavyo bado vipo katika bustani ya Indian Mounds, kusini mwa mji. Nalitaja hilo kwa sababu mabango mengi ya mji huanza hesabu na kibanda cha Wood.

Mwaka 1825 walipounda kaunti, rais mpya wa Marekani alikuwa John Quincy Adams. Waasisi walilimaliza jina lote: kaunti wakaiita Adams, mji wakauita Quincy, na uwanja wa katikati wakauita John's Square. Uwanja huo leo ni Washington Park. Mitaa inayotoka mtoni kwenda mashariki ina majina ya majimbo, Maine, Hampshire, Vermont, Jersey, York, Kentucky, na inayoikata ina namba, zikipanda kadiri unavyouacha mto. Ndani ya nusu saa mgeni hawezi kupotea.

Washington Park ni mraba wa nyasi na miti mikubwa, benchi zake zimejaa wazee wanaotafuta kivuli. Upande wa mashariki kuna kile nilichotaka kukiona: bamba kubwa la shaba la mchongaji Lorado Taft, lililozinduliwa 1936, miaka 78 baada ya mdahalo wenyewe. Lincoln amesimama anaongea, mrefu kupita wote. Tarehe 13 Oktoba 1858 watu zaidi ya 10,000 walijazana hapa. Wengine walivuka kutoka Missouri, maana yake katikati ya umati walikuwamo wenye watumwa. Utaratibu ulikuwa saa tatu: wa kwanza anazungumza saa nzima, wa pili saa moja na nusu, wa kwanza anarudi nusu saa. Hapakuwa na kipaza sauti. Quincy ilikuwa zamu ya Lincoln kuanza, na hapa alisema wazi kwamba tofauti ya vyama vyao ni moja: kuna wanaouona utumwa kuwa uovu, na kuna wasiouona hivyo. Douglas alijibu kwamba kila jimbo lijiamulie lenyewe, na kwamba serikali hii iliundwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu. Baadaye wote wawili walipanda stima moja kushuka mto kwenda Alton, kwenye mdahalo wa mwisho.

Lincoln alishindwa kiti cha useneti mwaka ule. Uwanja huu lakini ulimjua Douglas kabla, na kwa sura nyingine kabisa. Kuielewa inabidi utembee dakika tano kusini, hadi Jersey namba 415.

Hii ndiyo nyumba niliyokaa muda mrefu kuliko zote. Ni ya matofali, ghorofa moja juu, mistari yake minyoofu, imejengwa 1835. Kutoka mtoni ni mitaa minne tu. Ilikuwa nyumba ya daktari Richard Eells. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1842 kijana aitwaye Charley, mtumwa aliyetoroka kutoka Monticello, Missouri, aliogelea Mississippi. Ng'ambo hii alikutana na Berryman Barnet, mtu Mweusi aliye huru, na Barnet ndiye aliyemfikisha kwa daktari. Eells akampa nguo kavu, akampakia kwenye gari la farasi, wakaelekea mashariki, kule kwenye shule ya wamisionari iliyokuwa nje ya mji. Lakini msako ulikuwa umeshaanza. Waliwakimbiza. Daktari akamwambia Charley aruke ajifiche shambani, yeye akawachapa farasi kurudi nyumbani. Charley alikamatwa baadaye akarudishwa Missouri. Nyumbani kwa daktari wakamkuta farasi ametota jasho, na garini nguo zilizolowa.

Nimesimama mbele ya mlango ule nikapima kwa macho. Ukitoka barazani ukageukia kulia, barabara inateremka moja kwa moja mtoni. Mtu aliyetoka majini, ametota, hajui mji, angepita mbele ya madirisha mangapi kabla ya kuufikia mlango sahihi? Bila Barnet asingeufikia. Kila nilichosoma kuhusu nyumba hii kinaanza na daktari, na daktari anastahili kila sifa, lakini Barnet alihatarisha zaidi. Eells akikamatwa alilipa faini. Mtu Mweusi huru akishukiwa angeweza kuvushwa mto na kuuzwa.

Kesi ilisikilizwa Aprili 1843. Jaji alikuwa Stephen Douglas, wakati huo akiishi Quincy. Alimtia hatiani, akamtoza dola 400.

Shemeji alinikatiza hapo. "Ngoja kwanza. Jaji huyu ni yule yule wa pale bustanini?"

"Ndiye."

"Na watu wa mji walikuwa wanajua, siku ile ya mdahalo?"

Walijua. Ilikuwa imepita miaka 15 tu. Eells alikata rufaa, akafariki 1846 kesi ikiwa bado inaendelea, msimamizi wa mirathi yake akaibeba hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1852 nayo ikashindwa huko. Msamaha wa gavana wa Illinois ulikuja mwishoni mwa 2014. Wanaojitolea kuitunza nyumba walikuwa wameihangaikia kwa miaka mingi, na ndani unaonyeshwa kila chumba.

Ile shule ya wamisionari nayo ina habari yake. Iliitwa Mission Institute, ilianzishwa na mchungaji David Nelson, aliyekuwa amefukuzwa Missouri kwa kuhubiri dhidi ya utumwa. Mwaka 1841 watu wake watatu, George Thompson, James Burr na Alanson Work, walivuka mto kwenda kuwasaidia watumwa watoroke. Walikamatwa, wakahukumiwa miaka 12 katika gereza la Jefferson City. Machi 1843, mto ukiwa umeganda, kundi la watu lilipita juu ya barafu kutoka Missouri likaichoma moto shule hiyo. Thompson alipotoka gerezani alikwenda Afrika Magharibi, misheni ya Mendi, Sierra Leone. Leo mtaa huo ni makazi, na mtu anaweza kupita na gari kila siku asijue kilichoungua pale.

Barafu ile ile ilikuwa imewavusha wengine miaka minne kabla. Gavana wa Missouri alitoa amri Oktoba 1838 Wamormoni, wafuasi wa dini mpya iliyozaliwa Marekani, wafukuzwe jimboni au waangamizwe. Majira hayo ya baridi walivuka kwa maelfu, wanaokadiriwa kuwa 5,000, wakaingia mji ambao wenyewe haukuwa na watu 2,000. Wenyeji waliitisha mikutano, wakachanga nguo, chakula na pesa, wakawapa kazi na pa kulala, mpaka mwaka 1839 walipokwenda kaskazini kujenga Nauvoo. Shemeji alizaliwa Kigoma. Ameona kambi. Alisema jambo moja tu: "Watu wawili mlangoni kwa kila mmoja wa ndani. Hiyo si kazi ndogo." Na hakika si ndogo. Siisemi kwa wepesi: nauheshimu mji huu kwa majira yale ya baridi kuliko kwa nyumba zake zote nzuri.

Alasiri tulipanda hadi mtaa wa 12, kwenye jumba la John Wood, ambalo leo liko chini ya chama cha historia cha kaunti. Nguzo nne nyeupe mbele, mtindo wa Kigiriki, la mwaka 1835, kazi ya mafundi Wajerumani. Miaka ya 1860 Wood alitaka kujenga jumba jingine la pembe nane mahali pale, basi hili likang'olewa na kuhamishiwa ng'ambo ya barabara, likiwa jumba zima. Huyu Wood ndiye aliyezunguka vijijini mwaka 1824 akihimiza watu wapige kura Illinois isigeuzwe kuwa jimbo la utumwa. Machi 1860 gavana Bissell alifariki naye, akiwa makamu, akawa gavana. Hakuhamia Springfield. Alibaki Quincy na shughuli zake, na ofisi ya gavana akamwachia Lincoln aitumie katika kampeni za urais. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 60, na bado akaenda akiwa kanali wa kikosi cha 137 cha Illinois.

Kurudi tulipita mitaa ya Wajerumani, kusini: vijumba vya matofali vilivyobanana, vya watu waliokuja na ufundi mkononi. Majengo ya kiwanda cha bia cha Dick Brothers bado yamesimama mtaa wa York. Nilipotaja jina la Knapheide, aliyeanza kuunda mikokoteni hapa mwaka 1848, shemeji akasimama. "Hao si ndio wanaotengeneza bodi za magari ya kazi? Nimeliona jina hilo kila mahali." Ndio hao, bado wako Quincy. Mwaka 1870, miaka miwili baada ya daraja la reli kukamilika, Quincy ulikuwa mji wa pili kwa ukubwa Illinois. Leo una watu wasiofika 40,000, na majengo ya zama zile yamebaki kwa sababu hakukuwa na haraka ya kuyabomoa.

Jumapili

Tumesali misa katika parokia ya Mtakatifu Petro, mtaa wa Maine. Kanisa la sasa si lile la zamani, lile lilikuwa karibu na katikati ya mji, lakini parokia ndiyo ile ile, na bila parokia hii pengine hapangekuwa na padre wa kuzungumzia.

Augustus alizaliwa mtumwani tarehe 1 Aprili 1854, Brush Creek, kaunti ya Ralls, Missouri. Wazazi wake, Peter Paul na Martha Jane, walikuwa watumwa Wakatoliki wa mabwana Wakatoliki. Vita vilipoanza baba alitoroka kwenda kujiunga na jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya kaskazini, asirudi tena. Mwaka 1862 Martha Jane aliwachukua watoto wake watatu, akatembea nao hadi Hannibal, akavuka Mississippi kwa mtumbwi wa makasia, kisha akatembea tena hadi Quincy. Alipata kazi kwenye kiwanda cha tumbaku, na wanawe wa kiume wakafanya kazi humo pia. Augustus alikuwa na miaka minane au tisa. Kaka yake Charles alifariki mwaka uliofuata.

Shule ilikuwa miezi kiwanda kilipofungwa. Mara ya kwanza aliandikishwa kwenye shule ya parokia ya Wajerumani, ya Mtakatifu Bonifasi, lakini vitisho vya wazazi vilimwondoa baada ya muda mfupi. Ndipo padre wa Kiairishi, Peter McGirr, alipomfungulia mlango wa shule ya Mtakatifu Petro na kutangaza kuwa mtoto huyu atasoma hapa. Akasoma. Akatumikia altareni, akajifunza Kijerumani na Kilatini. Alipotaka upadre, seminari zote za Marekani zilimkataa kwa rangi yake. Mapadre walimfundisha faraghani, na Wafransisko wakamfundisha katika chuo chao, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Quincy. Mwaka 1880 Roma ilikubali kumpokea kwenye chuo cha Urbano, ndicho Urbaniana ya leo wanakosoma mapadre wetu wengi kutoka Tanzania, Kenya na Kongo.

Alisoma huko miaka sita akijua atatumwa Afrika. Alijiandaa kwa Afrika. Alipewa daraja ya upadre tarehe 24 Aprili 1886 katika Basilika la Lateran, na wakati huo huo akaambiwa atarudi Marekani. Kardinali Simeoni alisisitiza kwamba nchi inayojiita yenye mwanga kuliko zote, na haijapata kumwona padre Mweusi, basi sasa imwone. Walikuwapo mapadre waliotangulia wenye mama Mweusi, ndugu wa ukoo wa Healy, lakini walihesabiwa Wazungu. Tolton hakuwa na pa kujificha, wala hakutafuta.

Baada ya misa tukaenda kona ya mtaa wa 7 na Jersey, lilikokuwa kanisa lake la Mtakatifu Yosefu. Hesabu mitaa: nyumba ya daktari Eells ni kati ya mtaa wa 4 na wa 5, Jersey hiyo hiyo. Ni mwendo wa dakika tano. Julai 1886 watu walimiminika kumpokea. Alihubiri vizuri, aliimba vizuri, na Wazungu wakaanza kuja misa kwake, Wajerumani na Wairishi, wakileta na sadaka zao. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Padre jirani alimtaka ahudumie Weusi peke yao, na akapewa amri hivyo. Mateso yalimlemea hadi akaomba uhamisho, na Desemba 1889 akaondoka kwenda Chicago, ambako alianzisha parokia ya Mtakatifu Monika. Mama yake alimfuata huko akaishi naye.

Hili ndilo linaloniuma kuhusu Quincy. Mji uliopokea wakimbizi 5,000, uliomtoa Wood, Nelson na Eells, ulishindwa kumvumilia kijana wake mwenyewe asiyetaka kitu ila kuwahudumia watu wote wanaokuja. Hawakumfukuza watu wa ng'ambo. Hatari yake haikutoka Missouri.

Makaburi ya Mtakatifu Petro yako mashariki, Broadway, magari yakipita mfululizo pembeni. Kaburi lake lina msalaba mkubwa wa jiwe, na maandishi yanataja Brush Creek, Roma na tarehe zake. Tulikuta rozari kadhaa na karatasi zilizoandikwa maombi kwa mkono. Desemba 2016 mabaki yake yalifukuliwa yakachunguzwa na kuzikwa upya kwa heshima, kama utaratibu wa Kanisa unavyotaka, na mwaka 2019 Papa Fransisko akatambua fadhila zake za kishujaa. Tumesali rozari nzima, shemeji akiongoza.

Jioni, kwa kuwa jua lilikuwa bado juu, tulikwenda Villa Kathrine, na hapo nikastarehe kidogo. Ni nyumba juu ya mwinuko ikitazama mto, iliyojengwa 1900 na tajiri George Metz aliyekuwa ametembea Afrika Kaskazini. Kuta nyeupe, madirisha ya matao, mnara wenye mistari, na ndani ua wa wazi wenye kidimbwi katikati, vyumba vikiuzunguka. Mtu aliyezoea nyumba za Mji Mkongwe Unguja hatajiona mgeni uani humo. Metz aliishi humo na mbwa wake mkubwa, Bingo. Leo ni ofisi ya kupokea wageni wa mji, na wanaoipuuza kwa kudhani ni pambo tu wanajinyima.

Jumatatu

Asubuhi mapema kabla ya joto tulipitia makaburi ya Woodland, yaliyoanzishwa na John Wood mwaka 1846 juu ya mto, naye mwenyewe amelala humo. Nilitaka kuwakumbuka pale askari wa kikosi cha 29 cha askari Weusi cha jeshi la Muungano. Kikosi hicho kiliundwa Quincy Aprili 1864, kikiwa na Weusi wa Illinois na waliovuka kutoka Missouri. Miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Julai, kilikuwa Petersburg, Virginia, kwenye vita vya shimo lililolipuliwa kwa baruti, na kikaacha wengi huko. Illinois iliyokuwa imewakataza kuhamia ndiyo iliyowaandikisha.

Kisha tukavuka daraja kwenda Missouri, tukashuka kusini hadi Hannibal. Ni kilomita 30 na kitu, kwa gari hata nusu saa haiishi vizuri. Niliendesha mimi, shemeji akahesabu: mwanamke, watoto watatu, mdogo kabisa wa kubebwa, usiku, bila chakula cha maana, na kabla ya hapo ameshatembea kutoka Brush Creek. Pale ukingoni Hannibal pana boti za watalii, na bidhaa nyingi za kumbukumbu za mji. Simulizi ya Martha Jane inasema hapa wawindaji wa watumwa walitaka kumkamata, askari wa Muungano wakawazuia, wakampa mtumbwi. Inasemwa pia kwamba risasi zilirushwa nyuma yao majini, na alipofika ng'ambo aliwaambia watoto sasa wako huru.

"Mwakani nakuja na wanangu," shemeji akasema. "Ila hatutaanzia Quincy."

Nami nakubaliana naye, na ndilo ninalowaambia mlioko St. Louis, Iowa, Moline au Chicago mnaopanga kwenda: msianzie Broadway wala kaburini. Anzeni Brush Creek, lilipo kanisa dogo la mashambani la Mtakatifu Petro, kisha Hannibal, kisha vukeni daraja mwingie Quincy kutoka upande wa Missouri. Vaeni viatu vya kutembelea, bebeni maji ya kutosha kama ni Julai, na mkifika Jersey 415 ombeni msimuliwe habari za Berryman Barnet kabla ya za daktari.